Kwa wanaojiandaa kuhamia nje: kukaa na familia si sawa na kukaa na kila mmoja katika familia

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, heshima kwenu nyote.

Uzi huu ni kwa ajili ya wale ambao viza imeshatoka, au barua ya kazi au ya masomo imeshafika, na sasa wanahesabu wiki zilizobaki. Ushauri kuhusu mizigo, tiketi na nyaraka umejaa kila mahali, wala sina haja ya kuurudia. Ninalotaka kulizungumzia ni namna ya kuutumia muda uliobaki na watu wa nyumbani. Katika miaka niliyoishi mbali, na katika mazungumzo na wenzangu waliotoka kwao kwa sababu mbalimbali, nimewasikia wachache sana wakilalamika kwamba muda haukutosha. Wengi hulalamika kwamba muda ulikuwepo, ila uligawanywa vibaya.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, ili anayetaka kuupinga aupinge vizuri. Mikusanyiko ya kuaga humfanya anayeondoka aamini kwamba amekaa na watu wake, ilhali hajakaa na yeyote. Nyumba ikishajaa watu, mama anahangaika na wageni, baba anaongea na wazee wenzake, mdogo wako yuko pembeni na simu, nawe unazunguka ukijibu swali lile lile la tarehe ya safari. Sisemi mikusanyiko isifanyike. Ina heshima yake, na wapo ndugu ambao bila hiyo hutawaona kabisa. Ninachoomba ni kwamba usiihesabu kuwa ndiyo muda wa familia. Muda wa familia ni ule unaokaa na mtu mmoja, mkiwa na shughuli mikononi, na hakuna anayekumbushwa kila dakika kwamba mnaagana.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mzazi wako ana miaka 65, na tumwombee afike 85. Ukirudi likizo kila mwaka na kukaa wiki mbili, katika miaka hiyo 20 mtakuwa pamoja siku 280, ambazo hazifiki hata mwaka mmoja. Kwa wengi hata hilo ni ndoto, kwa sababu nauli, ruhusa ya kazini na masharti ya viza havikubaliani kila mwaka; anayerudi kila baada ya miaka miwili amebakiwa na siku 140, na humo humo kuna siku za kuzunguka kwa ndugu, siku za ofisini, na siku za kulala tu kwa uchovu wa safari. Sipigi hesabu hii ili kumtia mtu huzuni. Naipiga kwa sababu inaonyesha thamani ya wiki ulizo nazo sasa. Kama umebakiwa na wiki sita nyumbani, hizo ni siku 42, sawa na likizo tatu nzima za baadaye, na unazipata bila kulipa nauli.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulihisi katika kipindi hiki na hulionea aibu, nalo ni kupoteza hamu ya marafiki wa kawaida na kutaka kujifungia na watu wachache wa karibu. Usijilaumu. Wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Laura Carstensen walichapisha mwaka 1990 utafiti ambamo watu waliulizwa wangependa kutumia muda wao na nani: jamaa wa karibu, mtu mpya ambaye huenda wakaelewana naye, au mwandishi wa kitabu walichotoka kukisoma. Wazee waliwachagua jamaa. Vijana hawakuwa na upendeleo huo, lakini walipoambiwa wafikirie kwamba wako karibu kuhamia mbali peke yao, nao walichagua kama wazee. Carstensen aliendelea kujenga juu ya wazo hilo nadharia inayosema kwamba binadamu anapoona muda unakwisha, hupunguza idadi ya watu na kuongeza uzito wa uhusiano. Kwa hiyo unapokataa mwaliko wa mtu uliyefahamiana naye kazini ili ukae sebuleni na bibi yako, hujawa mtu wa majivuno. Kataa kwa adabu, mapema, na usitoe visingizio virefu.

Sasa, ukishapata nafasi ya kukaa na mtu mmoja, mnafanya nini? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanadhani muda huo lazima uwe wa maneno mazito. Mketishe mzee na umwambie, "Baba, naomba tuongee kabla sijaondoka," atakaa wima, atakohoa, atakupa mawaidha uliyoyasikia tangu utotoni, na mtaachana mkiwa mmechoka. Mfuate kwenye shughuli yake badala yake. Kama anatengeneza kitasa, mshikie bisibisi; kama anapanga makaratasi yake ya zamani, kaa naye uyasome. Mtu ambaye mikono yake ina kazi husema mambo ambayo hangeyasema akiwa ameangaliwa usoni. Nilijifunza mengi kuhusu ujana wa baba yangu kutokana na sanduku la stakabadhi ambalo alitaka tu kulipunguza uzito: barua ya kukataliwa kazi aliyoihifadhi miaka yote, picha ya rafiki ambaye hatukuwahi kumsikia, na daftari la madeni yaliyofutwa kwa kalamu nyekundu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ningejua kuliuliza.

Kwa wazee, zaidi ya kukaa, ninashauri kurekodi sauti. Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitumia orodha ya maswali 20 ambayo mtoto huulizwa kuhusu familia yake, kwa mfano kama anajua babu na bibi zake walikulia wapi, au wazazi wake walikutana vipi. Walikuta kwamba watoto waliojua habari nyingi za familia yao kwa kawaida walijiamini zaidi na kuona kwamba wana uwezo fulani juu ya maisha yao. Watafiti hao waliweka wazi kwamba siri haimo katika kukariri majibu. Mtoto anayejua mambo hayo ni mtoto aliyekaa na wakubwa muda mrefu wakimsimulia. Ninataja utafiti huu kwa sababu wengi wenu mtapata watoto huko muendako, na watoto hao hawatakuwa na wa kuwasimulia isipokuwa nyinyi. Rekodi basi, lakini kwa utaratibu: mwombe ruhusa, weka simu juu ya meza karibu naye huku skrini ikitazama chini ili asiiangalie, zima feni na redio, na uliza swali moja tu linalofungua mlango, kama vile nyumba waliyoishi alipokuwa mdogo ilikuwaje, kisha nyamaza. Usimrekebishe tarehe. Baada ya hapo lipe faili jina linaloeleweka na ulihifadhi mahali pawili tofauti, kwa sababu simu huibiwa na huanguka.

Upo upande mwingine wa kukaa pamoja ambao hauna mvuto wowote, nao ni wa mafunzo. Mama yangu alikuwa na simu nzuri, lakini simu ya video ilipoingia alikuwa akibonyeza alama nyekundu akidhani ndiyo ya kupokea, maana kwake nyekundu ilikuwa rangi ya jambo la haraka. Tulifanya mazoezi mchana mzima: mimi chumbani, yeye sebuleni, napiga, anakata, tunacheka, napiga tena. Tukaongeza ukubwa wa maandishi, tukaweka picha yangu kwenye ukurasa wa mwanzo, tukatafuta mahali ndani ya nyumba ambapo mtandao haukatiki na mwanga unamwangukia usoni badala ya kutokea nyuma yake. Leo tunapoongea naona uso wake wote. Wenzangu wengi huona dari ya nyumba ya wazazi wao na sehemu ya paji la uso.

Nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote, na ambalo watu hawalitarajii: ugomvi. Wiki za mwisho kabla ya safari mara nyingi huwa na magombano ya ajabu kuhusu vitu vidogo, kama taulo lililoachwa sakafuni, au nani alipaswa kununua kufuli la begi. Dada ambaye hamjawahi kukosana anakununia siku mbili. Ukichunguza, utaona kwamba kumwacha mtu uliyemkasirikia ni rahisi kuliko kumwacha mtu unayempenda, na kwa hiyo moyo hutafuta hasira mahali popote inapopatikana. Ukilijua hili mapema, utaacha kubishana kuhusu taulo. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kulitaja jambo lenyewe kwa utulivu: "Nadhani sote tumechoka na safari hii kabla haijaanza." Mara nyingi hayo yanatosha, na mtu anakaa chini.

Lakini kuna magombano ya kweli pia, ya miaka mingi. Mwanasosholojia David Pollock, Mmarekani aliyefanya kazi na familia zinazohamahama, alifananisha kuondoka vizuri na chelezo lenye magogo manne: kupatana na uliokosana nao, kuwashukuru waliokufaa, kuaga watu na mahali, na kufikiria kwa ukweli maisha ya huko uendako. Aliliweka la kupatana mwanzoni, na uzoefu unaonyesha sababu. Umbali hauponyi ugomvi. Unaupa tu nafasi ya kukaa bila kuguswa, na kila mmoja anabaki na toleo lake la kisa, hadi siku moja unarudi kwa ajili ya msiba na mnalazimika kupeana mikono mbele ya watu. Kama kuna kaka mliyekosana kwa sababu ya fedha au maneno, mfuate mapema katika kipindi hiki, usisubiri wiki ya mwisho. Ukimwendea siku mbili kabla ya ndege atahisi kwamba unamtumia kujisafisha moyo, na ni kweli utakuwa unafanya hivyo. Ukimwendea mapema, mnapata hata nafasi ya kukosana tena na kurudiana. Vilevile, si kila upatanisho unawezekana, na hudaiwi ziara na mtu aliyekuumiza vibaya.

Makubaliano ni sehemu ya upendo, ingawa hayafanani nao. Nataja matatu.

La kwanza ni la mawasiliano. Usiahidi kupiga kila siku, kwa sababu hutaweza, na siku ya kwanza utakayokosa itageuka kuwa tuhuma. Ahidi siku moja au mbili za wiki kwa saa inayojulikana, na mengine yawe ziada. Kumbukeni pia kwamba tofauti ya saa haibaki ile ile mwaka mzima kama upande mmoja unasogeza saa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Nchi nyingi za ukanda wa tropiki hazisogezi kabisa. Mwambie mzazi jambo hili kabla, kwa sababu mzee aliyekaa na simu mkononi kwa saa nzima akisubiri hatafikiria habari za kusogeza saa. Atafikiria kwamba umepatwa na jambo.

La pili ni fedha. Familia nyingi huogopa kulitaja, na kwa sababu hiyo kila mmoja hujipangia kichwani mwake kiasi atakachopokea. Sema waziwazi ni lini utaanza kutuma, kwamba miezi ya mwanzo huenda usitume chochote, na nani atapokea kwa niaba ya wengine. Wajulishe pia kwamba kutuma kwenyewe kuna gharama: takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba kwa miaka ya karibuni wastani wa gharama duniani ya kutuma dola 200 umekuwa juu ya asilimia 6, ilhali Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Mtu anayejua hivyo hataomba kidogo kidogo mara nne kwa mwezi.

La tatu ni maradhi na misiba. Kubalianeni kwamba hutafichwa habari. Familia nyingi humficha aliye mbali "ili asome vizuri" au "asichanganyikiwe kazini," na matokeo yake ni kwamba baadaye kila wanaposema "sote wazima" haamini. Omba uambiwe, na uahidi kwamba utakapoambiwa hutawapigia kelele waliokaa na mgonjwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayekesha hospitalini ndiye anayeamua usiku huo, na kazi yako ni kumwezesha.

Kuhusu watoto wadogo mnaowaacha, wawe wenu au wa ndugu zenu, nina machache. Usitoroke alfajiri wakiwa wamelala. Waambie, kwa maneno wanayoyaelewa, na uwaonyeshe kwenye kalenda. Msihofu kwamba simu ya video itawadhuru wale wachanga: jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, ilishauri watoto walio chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, ikaacha nafasi kwa mazungumzo ya video, kwa kuwa humo kuna mtu anayemwitikia mtoto. Mtoto wa umri huo hataongea nawe, ila atacheza kujificha na kujitokeza, na hilo linatosha.

Mwisho, siku ya mwisho. Begi lifungwe siku mbili kabla. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliweka mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile pamoja na 30 za ziada ambamo maji yalipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ingawa lilikuwa na maumivu mengi zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa nafuu. Kumbukumbu hushika kilele na mwisho kuliko urefu. Ninaloliona hapa ni dogo tu: siku ya mwisho ikitumika kutafuta pasi ya kusafiria chini ya kitanda na kupiga kelele kuhusu uzito wa begi, hiyo ndiyo nyumba utakayoondoka nayo kichwani.

Karibuni kwa maoni.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, shukrani kwa uzi. Nina pingamizi moja na swali moja. Pingamizi ni kwamba katika familia kubwa, kukaa na mmoja mmoja kunaleta lawama. Nikitoka na dada mkubwa, wa kati atauliza kwa nini si yeye. Swali ni kwamba mimi sina wiki sita. Nimebakiwa na siku kumi, na tano kati ya hizo nipo kazini.

Mleta mada:

Ndugu, lawama hutokea zaidi pale muda unapotangazwa kuwa ni wa pekee. Usiseme "leo ni siku ya dada." Msindikize tu anapokwenda anakokwenda, na kesho msindikize mwingine. Watu hawahesabu safari ya kwenda kuchukua nguo kwa fundi, ilhali hiyo safari ndiyo yenye mazungumzo. Kwa siku kumi, chagua watu watatu tu, na kigezo kiwe ni yule ambaye huenda usimkute ukirudi, kisha yule ambaye hamjamaliza maneno, kisha yule mdogo ambaye atakuwa amebadilika kabisa. Wengine waone kwenye mkusanyiko mmoja na usiwe na hatia. Kuhusu zile siku tano za kazini, kama una namna yoyote ya kuomba hata mbili, omba. Mwajiri unayemwacha atakusahau kabla ya mwezi kuisha.

Mchangiaji wa pili:

Mimi mzazi wangu hataki kabisa kuzungumzia safari. Nikitaja tarehe anaondoka chumbani. Amekwisha kusema mbele ya ndugu kwamba mtoto aliyekwenda mbali ni sawa na aliyekufa. Nitakaaje naye?

Mleta mada:

Pole sana. Maneno hayo yanauma, lakini nadhani mzazi wako amesema jambo la kweli kwa njia mbaya. Pauline Boss, mtaalamu wa familia kutoka Marekani, alianza miaka ya 1970 kueleza aina ya majonzi ambayo hayana mahali pa kushikia, kwa sababu anayeliliwa yuko hai: yupo moyoni, hayupo nyumbani. Aliyefiwa ana kaburi, ana watu wa kumfariji na ana siku ya kuanua matanga. Mzazi wa aliyehamia mbali hana hata kimoja katika hivyo, na juu yake anatakiwa afurahi kwa sababu majirani wanampongeza. Usimlazimishe kufurahi. Acha kabisa kuitaja tarehe mbele yake kwa siku kadhaa, kaa karibu naye katika mambo yake, na ikitokea nafasi mwambie kwamba wewe pia inakuuma. Wazazi wengi hawajawahi kulisikia hilo. Wanachokiona ni mtoto anayeshangilia viza. Kama hatalegea hadi siku ya kuondoka, mwandikie kwa mkono na umwachie mtu unayemwamini ampe baada ya wiki, nyumba ikiwa imetulia.

Mchangiaji wa tatu:

Nimesoma yote, na naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaobaki, maana uzi umeandikwa na aliyeondoka na wanaoujibu ni wanaoondoka. Kaka yangu alipohama, wiki zake za mwisho zilikuwa za picha na machozi na maneno mazuri, nami nilimpenda sana katika wiki hizo. Kisha akapanda ndege, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa mimi peke yangu mwenye kujua dawa za mama zinatolewa saa ngapi, daktari yupi anamwona, kitambulisho chake kiko kwenye droo ipi na fundi wa bomba anaitwa nani. Alikaa na mama mchana kutwa bila kujifunza hata moja kati ya hayo. Anapopiga simu huniuliza, "Mama anaendeleaje?" kana kwamba mimi ni muuguzi wa zamu. Nisingedai zawadi. Ningetaka akae nami, si na mama peke yake, siku mbili tu, tupitie kila kitu, aandike, na tugawane kile kinachoweza kufanywa kutoka mbali. Malipo ya bima, miadi, kufuatilia pensheni, kusoma majibu ya vipimo, hayo yote mtu anaweza kuyafanya akiwa popote penye mtandao.

Mleta mada:

Dada yangu, hoja yako inapaswa kuwa juu kabisa ya uzi, na naomba wanaosoma waanze nayo. Naongeza upande wa nyaraka, kwa kuwa mgawanyo huo hukwama hapo. Kama utashughulikia mambo ya mzazi ukiwa mbali, au kama nduguyo atashughulikia yako ulikotoka, andikeni hati ya kumpa mtu mamlaka ya kisheria ya kutenda kwa niaba, na muiandike kabla ya safari, wakati mnaweza kukaa mbele ya mwanasheria mmoja. Ulizeni jambo moja mahususi: katika nchi nyingi hati ya kawaida ya aina hiyo hupoteza nguvu pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, ambao ndio wakati hasa inapohitajika, isipokuwa imeandikwa maalumu kwamba itaendelea. Kwa nyaraka zitakazotumika ng'ambo, angalieni kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambao unaruhusu waraka wa umma kutambuliwa kwa muhuri mmoja uitwao apostili. Wanachama wake sasa wamepita 120. Kama mojawapo haimo, uthibitishaji hupitia wizara na ubalozi, na huchukua muda mrefu zaidi.

Mchangiaji wa tatu:

Nimekuelewa. Ila naomba wasisubiri mwanasheria ndipo waanze. Daftari la kawaida linatosha kwa wiki ya kwanza: ukurasa wa dawa, ukurasa wa namba za simu, ukurasa wa malipo na tarehe zake, na ukurasa wa mambo ambayo mama hapendi kuulizwa mbele ya watu. Mmoja aandike, mwingine apige picha kila ukurasa. Kaka yangu akirudi mwaka huu tutalifanya hilo kabla hajafungua begi, na nimeshamwambia.